Tovuti tano si mashahidi watano

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba ukikuta habari moja katika tovuti tano unaiona imethibitika, na unataka kujua kama kipimo hicho kinatosha. Mimi kiliwahi kunipotosha. Nilikuwa nikimtafutia mama yangu maelezo ya dawa ya mitishamba aliyoitumia pamoja na vidonge vya shinikizo la damu, nikakuta kurasa tano zinazosema kwamba haina madhara yoyote, nikamtoa wasiwasi. Nilipozisoma tena kwa utulivu niligundua kwamba zote zilikuwa na aya ileile, hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile, na aya hiyo ilitoka kwa muuzaji wa dawa. Nilikuwa nimemsikiliza shahidi mmoja mara tano, na ambaye angeumia ni mama.

Tangu hapo sianzi na uzuri wa tovuti wala mwisho wa anwani yake, kwa kuwa hata anwani inayoishia na .org husajiliwa na yeyote anayeilipia. Hutoka kwanza katika ukurasa huo, nikatafute wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti: ni akina nani, nani anawagharimia, wanauza nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliowalinganisha wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari katika utafiti wa mwaka 2017, waliona kwamba wahakiki ndio waliofikia uamuzi sahihi upesi zaidi, kwa sababu hawakukawia kutoka katika ukurasa na kusoma kwingine, ilhali wengi wa wenzao walibaki wakiuchunguza ukurasa uleule.

Kisha yafuate madai hadi yalikoanzia, wala usiridhike kwamba chanzo kimetajwa. Makala ya Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilichapishwa mwaka 1998 katika The Lancet, jarida lenye heshima kubwa. Ilihusu watoto 12 tu, na jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Hata hivyo wapo wanaoendelea kuitaja kama ushahidi bila kusema kwamba ilifutwa. Ndiyo maana huitafuta makala yenyewe, nione kama imebandikwa tangazo la kufutwa.

Katika mambo ya afya, baada ya hayo yote, huandika jina la dawa nikampelekea mfamasia. Yule tuliyemwendea hatimaye alimtaka mama aache kuchanganya dawa hizo siku ileile.