Dirisha lenye uwazi kwenye Tkinter, maandishi yasififie

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha ya programu) ukiweka `root.attributes('-alpha', 0.5)` hata maandishi na vitufe vinafifia. Ndivyo alpha (kiwango cha dirisha kuonekana) inavyofanya kazi: inagusa dirisha zima, kuanzia 0.0 (halionekani kabisa) hadi 1.0. Huwezi kuiambia iache maandishi.

Ukitaka usuli tu upotee, kwenye Windows fanya hivi:

`root.config(bg='#010203')`
`root.attributes('-transparentcolor', '#010203')`

Kila pikseli yenye rangi hiyo inatoweka, na ukibofya hapo mbofyo unaweza kwenda kwenye programu iliyo nyuma. Lebo nazo zipe `bg` (rangi ya usuli) hiyohiyo. Chagua rangi iliyo karibu na ile ya maandishi yako, maana kingo za herufi hulainishwa kwa kuchanganywa na usuli. Ukiweka waridi kali kama mafunzo mengi yanavyoonyesha, herufi zitabaki na ukungu wa waridi. Inaudhi sana.

Linux haina `-transparentcolor`. Alpha ipo, ila kwenye X11 (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha) lazima kompozita, yaani programu inayounganisha picha za madirisha, iwe inafanya kazi (iitwayo picom inatosha), na mara nyingine uite `root.wait_visibility()` kwanza.

Kama unataka usuli wa nusu uwazi na maandishi yasiyofifia juu yake, kusema kweli Tkinter si mahali pake. Hamia PyQt, maktaba nyingine ya Python ya madirisha: `setAttribute(Qt.WidgetAttribute.WA_TranslucentBackground)` pamoja na `FramelessWindowHint`, kisha chora usuli mwenyewe ndani ya `paintEvent` kwa `QColor(0, 0, 0, 120)`. Usitumie `setWindowOpacity`, hiyo itakurudisha kwenye tatizo lilelile.