Ganzi baada ya kuzamia: jibu kwa dada wa Kayole

Dada, umesema mdogo wako kule Vanga huzamia jongoo bahari kwa mtungi wa hewa wa tajiri, juzi akaibuka miguu imekufa ganzi, na nyumbani wanasema ni jini. Sibishani na wazee, lakini ganzi hiyo ina maelezo. Ukipumua hewa ya mtungi kwenye kina kirefu, naitrojeni, gesi iliyo hewani, huyeyuka mwilini. Ukipanda haraka, au ukizama mara nyingi kwa siku, hugeuka mapovu yanayoziba mishipa na kuumiza uti wa mgongo.

Asizame tena, hata kwa kudhani maji "yatanyoosha miguu". Alazwe chali, apewe oksijeni safi, na daktari aambiwe waziwazi kwamba alizamia. Tiba yenyewe ni chumba maalumu cha shinikizo la hewa. Hata kama siku zimepita, apelekwe. Wala usimkatie ndege aje Nairobi. Huko juu mapovu huzidi.

Wamiskito, wenyeji wa asili wa Honduras kule Amerika ya Kati, wanaozamia kambakoche wamepooza wengi vivyo hivyo, na mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliiwajibisha serikali yao. Tajiri wenu naye (analipa kwa kilo, mwenyewe yuko botini!) adaiwe matibabu. Tunzeni risiti. Nauli tuma leo, usingoje mwisho wa mwezi.