Mnaopima watu walewale mara tatu, someni hili kwanza

Wiki hii wanafunzi wawili wameniletea faili zao za data, na zote mbili zina kosa lilelile nililolifanya mimi hapa Lamu nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii. Nawapenda, wadogo zangu. Nawaona mkibeba spika na karatasi juani mpaka Matondoni, na hakuna anayeweza kuwaita wavivu. Lakini mtu akiniambia "mpangilio nimeusawazisha, mwalimu", kisha nikafungua faili nikakuta orodha moja ya maneno imeganda kwenye hali moja ya jaribio, tuseme kimya, kuanzia mshiriki wa kwanza hadi wa mwisho, moyo unaniuma. Hii ni mara ya ngapi sasa?

Faida ya vipimo vya kurudiwa, yaani kumpima mtu yuleyule katika kila hali, mnaijua, kwa hiyo sitaieleza. Tangu makala ya mwaka 1908 ya mtakwimu aliyejiita Student, yenye wagonjwa 10 na saa zao za usingizi, tunajua kwamba ukimlinganisha mtu na nafsi yake unaiondoa tofauti kubwa iliyoko baina ya watu, na unachotafuta kinaonekana kwa washiriki wachache. Ninayotaka kuyasema ni yale yanayoiharibu faida hiyo.

1. Mpangilio, yaani hali ipi inatangulia na ipi inafuata. Hali tatu zina mipangilio 6, hali nne zina 24. Kwa hali nne, mraba wa Kilatini uliosawazishwa wenye safu 4, kila safu mpangilio mmoja, unatosha, kwani kila hali inashika kila nafasi mara moja na inatanguliwa moja kwa moja na kila mwenzake mara moja. Idadi ya washiriki igawike sawasawa kwa idadi ya safu. Hili mnaliweza.

2. Vifaa. Hapa ndipo tunapoumia, na hapa nitakaa.

Nilitaka kujua kama kelele hudhuru kumbukumbu ya maneno. Nilikuwa na hali tatu: kimya, muziki wa redio, na sauti za watu wakizungumza. Nilikuwa na orodha tatu za maneno 15, washiriki 24, na mipangilio yote 6 ikapata watu wanne wanne. Nilihesabu hata silabi za kila neno. Kisha nikachukua stepla, nikabana orodha ya kwanza na maelekezo ya hali ya kimya, ya pili na ya redio, ya tatu na ya mazungumzo, nikazitia katika bahasha tatu za rangi tatu ili nisichanganye. Tangu hapo hali na orodha vilikuwa kitu kimoja, na mimi sikuona. Mpangilio ulizunguka, bahasha zikatangulia na kufuata, lakini ndani ya bahasha kimya hakikuachana na orodha ya kwanza hata siku moja.

Matokeo yakatoka mazuri ajabu. Kimya juu, redio katikati, mazungumzo chini. Nikaendesha ANOVA, hesabu ya kulinganisha wastani wa hali kadhaa, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ikawa ndogo kupita nilivyotarajia. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ikanifungua mdomo mapema. Jioni ile nikawaeleza watu barazani kwamba redio inaharibu hifadhi. Mwenye duka mmoja wa Langoni, ambaye wanawe walikuwa wakisomea nyuma ya duka, akaizima redio yake kwa sababu yangu. Alikuwa mtu wa kusikiliza taarabu kutwa. Kila nikipita nikaukuta ule ukimya, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Aliyenizindua ni nahodha mzee, mmoja wa washiriki wangu. Nilimpelekea kahawa kumshukuru, tukawa tunaongea tu, akaniambia: "Mwanangu, ile karatasi ya kwanza ulinionea huruma. Hini ni jahazi langu. Nilianza gubetini nikaenda mpaka tezi."

Kikombe nilikiweka chini. Nilirudi nyumbani nikazitoa karatasi za majibu, ambazo nilikuwa nimezijumlisha tu bila kuzisoma. Karatasi baada ya karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe: gubeti, mlingoti, foromali, tanga, demani, usukani, tezi, sehemu za chombo kuanzia mbele hadi nyuma. Orodha ile niliiandika asubuhi moja nimekaa ukutani forodhani, vyombo vimefunga mbele yangu, na macho yakaniandikia. Ya pili na ya tatu niliziandika nyumbani, na zilikuwa maneno yasiyojuana: mizani, kengele, barafu, msumari. Tangu Bousfield mwaka 1953, aliyewasomea watu maneno 60 ya makundi manne yaliyochanganywa na kuwaona wakiyatoa kwa mafungu, inajulikana kwamba maneno ya jamii moja huvutana katika kukumbuka. Nilikuwa nimelisomea hilo na kulifanyia mtihani. Nilichopima kwa miezi mitatu ni kwamba watu wa Lamu wanajua vyombo vya bahari.

Data ile haikuokoleka. Hakuna hesabu inayoweza kutenganisha kimya na jahazi kama havikuwahi kuachana. Washiriki wale sikuweza kuwarudia kwa sababu maneno walishayasikia. Ilibidi nitunge orodha mpya, nitafute watu wapya, nianze upya kuomba ridhaa ya kila mmoja. Lakini kilichonilemea kuliko vyote ni kwenda Langoni kumwambia mwenye duka kwamba nilichomwambia hakikuwa na ushahidi. Nilimwambia nimesimama, mbele ya wateja, kwa sababu barazani pia nilisema mbele za watu. Alinisikiliza, akasema sawa, akawasha redio. Sikuweza kumtazama usoni.

Sasa, dawa yake ni fupi. Zungusha orodha juu ya hali kama unavyozungusha hali juu ya nafasi. Mipangilio 6 mara mizunguko 3 ya orodha ni 18, kwa hiyo chukua watu 18 au 36, na 24 usiitamani tena. Na soma majibu neno kwa neno kabla hujafungua programu yoyote.

3. Saa na maji. Vitabu vinawaambia muwapime watu saa ileile. Hapa mvuvi hafuati saa yako, anafuata maji yanavyojaa na kupwa, na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukimpima leo saa nne asubuhi amepumzika, wiki ijayo saa nne ileile utamkuta ametoka baharini hajalala. Nawaomba mwachanishe vipindi kwa siku 14 au 15, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) kwa bamvua, au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kwa maji mafu. Na usianze kipindi cha kwanza Shaabani ukategemea kumaliza cha tatu ndani ya Ramadhani.

4. Wanaokosa kipindi kimoja. ANOVA ya kawaida itamtupa mshiriki pamoja na data yake yote kwa kukosa mara moja. Modeli mseto (mixed model) itatumia vipindi alivyohudhuria. Andika faili lako mstari mmoja kwa kila mtu kwa kila hali tangu siku ya kwanza, na usimwite mzee wa watu mara ya nne kwa kuwa wewe unataka jedwali lijae.

5. Sferisiti, yaani sharti la ANOVA kwamba tofauti baina ya kila jozi ya hali zitawanyike kwa kiasi kilekile. Kwa hali mbili haikuhusu. Kwa tatu na zaidi, tumia marekebisho ya Greenhouse na Geisser ya mwaka 1959, uendelee na kazi.

6. Yasiyofutika. Kuzungusha mpangilio kunasaidia pale tu alama inayoachwa na hali ya kwanza juu ya ya pili inapokuwa sawa na ile ya pili juu ya ya kwanza. Ukishamfundisha mtoto kuyaunga maneno kwa kisa, hataacha kuyaunga eti kwa sababu kipindi cha leo umekiita "bila mbinu". Hapo tumia makundi mawili tofauti, uvumilie kutafuta watu wengi zaidi.

Nyinyi wawili, faili zenu sitazipokea Jumatatu. Nataka jedwali lenye safu wima nne: namba ya mshiriki, hali, orodha, na nafasi. Kabla ya hapo, baada ya Alasiri, mpelekeeni nahodha orodha zenu mpya. Bado hukaa palepale. Mwekeeni kahawa, msomeeni taratibu, msimweleze kitu, kisha mwulizeni amekumbuka nini na ameanzia wapi.