Re: Kufunga CNC kwenye mashine ndogo ya milling

Mkuu nimekusoma, una Sieg X2, mashine ya mezani ya kuchonga chuma, unataka iendeshwe na kompyuta (ndo CNC yenyewe), ushaanza kuulizia bei za mota. Mota subiri kwanza. Zungusha mkono wa meza mbele halafu urudishe taratibu, uone unazunguka kiasi gani kabla meza haijasogea, hiyo nafasi ndo itakuharibia miduara yote hata ununue mota za bei gani. Kuipunguza weka skrubu za gololi zile 1605 (unene milimita 16, meza inasogea milimita 5 kwa mzunguko), ndo stepa, yaani mota za kuzunguka kwa hatua, za saizi ya NEMA 23 zifuate: mzunguko mmoja milimita 5, hatua 200, yaani milimita 0.025 kwa hatua, fresh tu. Ila Z (upande wa kichwa kupanda na kushuka) angalia, gololi hazishiki kama skrubu ya zamani, umeme ukikatika kichwa kinaweza kushuka chenyewe. Programu tumia LinuxCNC, ya bure. Swichi ya dharura lazima, na upande wa 230V muite fundi umeme akufungie na ethi.