Mama hali nguruwe, mbona picha ya ubongo inaonyesha tegu?

Ndugu, umeuliza mama yako kule Busia amepataje vifuko vya tegu kwenye ubongo ilhali nyama ya nguruwe hajawahi kuionja. Inawezekana kabisa, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Anayekula nguruwe mwenye lava, yaani tegu wachanga waliojificha nyamani, nyama isipoiva, hupata tegu mzima tumboni. Daktari Friedrich Küchenmeister alilithibitisha hilo Ujerumani mwaka 1855 kwa kumlisha lava mfungwa aliyehukumiwa kifo bila yeye kujua, jambo la kusikitisha hata kama lilitufundisha. Vifuko vya ubongoni huletwa na mayai ya tegu yanayomezwa, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyebeba tegu. Kwa hiyo anzeni na boma lenyewe: anayepika, anayelea watoto, kibarua wa shamba. Waulizeni kama wameona vipande vyeupe, bapa, chooni. Wapimwe wote.

Kwa mama, tafadhali usinunue dawa ya minyoo dukani. Kifuko kikiwa hai hukaa kimya miaka mingi. Kifafa huja hasa kinapoanza kufa, kinga ya mwili ikakivamia na ubongo ukavimba mahali pale. Watafiti Dixon na Lipscomb walieleza hayo mwaka 1961 kwa wagonjwa 450, wengi wao wanajeshi wa Uingereza waliowahi kukaa India. Kuua vifuko ghafla ni kuuchochea uvimbe huo.

Ndiyo maana kuna mpangilio. Dawa ya kifafa hutangulia. Macho hukaguliwa ndani, kwa sababu kifuko kikifia jichoni kinaweza kumpofusha. Kisha deksamethasoni au prednisoloni, dawa za kutuliza uvimbe, ndipo albendazoli, dawa ya minyoo inayoua vifuko: kwa kifuko kimoja au viwili, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni, siku 10 hadi 14, zisizidi 1,200 kwa siku. Ameze pamoja na chapati na chai ya maziwa, kwani bila mafuta dawa hufyonzwa kidogo mno. Kama ubongo wote umevimba, albendazoli husubiri. Kama vifuko vimeshakuwa chokaa, haina kazi. Dawa ya kifafa peke yake ndiyo huendelea.

Na wakija wagawaji wa prazikwanteli ya kichocho, ile inayotolewa vijiji vya kando ya ziwa, awaambie ana kifafa kabla ya kumeza. Dawa hiyo hufika ubongoni na huviua vifuko pia.