Kifua kilicholegea baada ya kupungua uzito

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 34. Nimepungua kutoka kilo 138 hadi 86, lakini kifua kinaning'inia na pushapu hazijasaidia kitu. Kliniki moja imeniambia itanyonya mafuta kwa matundu madogo, bila kovu, niondoke siku hiyohiyo. Niende?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usiende kabla ya kujua kifuani umebaki na nini. Bana titi kwa kidole gumba na cha shahada. Ukishika ngozi nyembamba inayovutika, mafuta yameshaondoka, na kunyonya kutailegeza zaidi. Ukigusa kitu kigumu nyuma ya chuchu, huenda ni tezi, ambayo mara nyingi huhitaji kisu. Pushapu hukuza msuli ulio chini. Ngozi iliyokwisha kutanuka haziivuti.

Uvimbe mgumu upande mmoja, au chuchu inayotoa damu au kuingia ndani, upimwe kwanza kwa ultrasaundi na, ikibidi, kipimo cha kipande kidogo cha nyama ya titi. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia. Mtajie daktari dawa zako zote: spironolaktoni, simetidini, efavirenzi na sindano za kujenga misuli zote zinaweza kukuza matiti. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kumuuliza.

Kwa aliyepungua kilo 52, kwa kawaida ngozi yenyewe ndiyo hukatwa, chini ya nusu kaputi. Njia ya kwanza huiacha chuchu kwenye kikonyo chenye mishipa yake ya damu, kisha huipandisha. Ya pili huiondoa kabisa, huipunguza hadi kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 3, na kuipandikiza mahali papya. Hii hutoa kifua bapa zaidi, ila hisia ya chuchu hupungua sana, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka meupe. Wachache huambiwa hilo kabla ya kutia saini. Kovu huwa refu, likifuata ukingo wa chini wa msuli kuelekea kwapani. Kama umewahi kuota keloidi (kovu linalovimba na kukua), hata ya sikio lililotobolewa, sema mapema, maana kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoziotesha kwa urahisi.

Uzito uwe umetulia angalau miezi 6. Ukiendelea kupungua baada ya upasuaji, ngozi italegea tena. Ukinenepa, kovu litatanuka. Pima damu, hasa wingi wa damu, albumini (protini ya damu), chuma na vitamini B12, kwa sababu wengi waliopungua sana hawali protini ya kutosha na vidonda vyao huchelewa kufunga. Lenga gramu 60 hadi 100 za protini kwa siku, ila mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza. Sigara iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo na chuchu inaweza kufa.

SWALI: Dokta, nimefanyiwa upasuaji huu wa kifua juma lililopita. Mrija wa kushoto uliowekwa kutoa maji ya kidonda umeacha kutoa kitu, na upande huo unachezacheza nikiugusa. Ni kawaida?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, rudi kwa aliyekupasua leo. Huenda mrija umezibwa na bonge la damu, na maji yamejikusanya chini ya ngozi. Yeye huyafyonza kwa sindano safi. Usijitoboe wala kukanda. Mrija hutolewa ukitoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, lakini mrija ulioziba huonyesha sifuri ya uongo, ndiyo maana uvimbe hutazamwa pamoja na kiasi kilichoandikwa.

Upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, huenda ni damu inayovujia ndani: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo kwa homa, usaha, chuchu inayogeuka nyeusi, muundi uliovimba au pumzi kukatika.

Fulana ya kubana uivae wiki 4 hadi 6, usiku na mchana. Mikono isipite mabega kwa wiki 2 hadi 3, na kunyanyua vyuma kusubiri wiki 6.