Nchi jirani yaweza kuzuia ndege zetu?

SWALI: Hununua vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, nikauza Eastleigh. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za Kenya Airways nikiwa tayari na tiketi. Je, ina haki hiyo? Na hisa za KLM, shirika la ndege la Uholanzi, katika Kenya Airways zinahusikaje? – Mama Vitenge, Eastleigh

JIBU: Dada yangu, haki hiyo inayo. Mkataba wa Chicago wa 1944 huipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake. Shirika la kigeni huingia kwa ruhusa, na ruhusa hizo hutolewa kwa makubaliano kati ya nchi mbili mbili.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mizigo. Air Tanzania iliomba kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi ya tatu, Kenya ikakataa. Hiyo ndiyo iitwayo haki ya tano ya usafiri wa anga: ndege ya Dar itue JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ipakie, tuseme, maua ya Naivasha, iyapeleke kwingine. Tanzania ikajibu kwa kugusa abiria, marufuku ianze tarehe 22. Mawaziri wakapatana kabla ya siku hiyo. Inaniuma kwamba mfanyabiashara mdogo ndiye aliyewekwa rehani, tena baina ya nchi zilizokuwa na shirika moja, East African Airways, hadi 1977!

KLM haikuhusika, hisa zake hazifiki asilimia 10. Mikataba mingi hudai shirika limilikiwe na kuendeshwa hasa na wananchi wa nchi inayoliteua. KLM ingechukua usukani, nchi nyingine zingeweza kukataa kuipokea Kenya Airways kama shirika la Kenya.